Begi Mgongoni Kutoka Mombasa: Kuzunguka Shimba, Tsavo na Taita Bila Gari Lako

Watu wa Mombasa tuna mambo. Mtu amezaliwa Majengo, amekulia Majengo, kila siku anaona magari ya watalii yakipita Makupa yakielekea bara, na yeye ndovu kamuona kwa TV tu. Ukimuuliza atakwambia mbuga ni za wazungu, ama mbuga ni pesa, ama lazima uwe na gari. Hilo la gari lina ukweli kidogo na nitalifikia, lakini hayo mengine ni maneno ya baraza. Kwa feri, matatu, treni na begi moja unaweza kuzunguka Shimba Hills, Tsavo Mashariki, milima ya Taita na chemchemi za Mzima ndani ya wiki moja na kidogo, ukalala pazuri na ukarudi na ngozi yako.

Kitakachokusumbua zaidi ni jua. Wengi wanapanga safari kwa kilomita, "Voi ni kama kilomita 150 tu, si mbali", alafu saa saba mchana wako barabarani na begi la kilo 18, chupa ya maji ni tupu na kichwa kinagonga. Huku unapanga kwa masaa na kwa lita za maji, kilomita zinakuja baadaye. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatoka hapo.

Kwanza kabisa: miezi

Masika iache, yaani kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, na huku pwani saa nyengine Juni bado inanyesha. Barabara za ndani ya Tsavo zinageuka tope, nyasi zinapanda, na wanyama wanatawanyika sababu maji yako kila mahali hawana haja ya kuja bwawani. Vuli nayo, Novemba hasa, ni bahati nasibu.

Julai hadi mwanzo wa Oktoba ndo wakati wangu. Kusi linapuliza, jua lipo lakini halichomi kwa hasira, na usiku Voi unaweza kujifunika. Januari na Februari wanyama wanaonekana zaidi mana mabwawa yamebaki machache na wote wanakusanyika hapo, lakini hiyo ni kaskazi na Voi mchana ni nyuzi 33 na kupanda. Sasa hapa sisi watu wa mwambao tunadanganyika, tunasema joto tumelizoea. Joto letu ni la jasho, unalowa tisheti unajua umetoka maji. La Voi ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hivo unapoteza maji masaa mazima na unajiona uko sawa kabisa mpaka pale miguu inapoanza kulegea.

Kama ni Ramadhani, nenda mwezi mwengine tu. Msafiri ana ruhusa yake, sawa, lakini kwa nini ujipe mtihani.

Njia yenyewe

Mimi napanga hivi: siku mbili Kwale kwa Shimba Hills, unarudi nyumbani unalala, unafua, unatoa kwa begi vitu vyote ambavyo hukuvigusa (na vitakuwepo vingi). Hiyo ni safari ya majaribio, ukikwama uko karibu na kwa mamako. Kisha treni hadi Voi, Tsavo Mashariki siku mbili, unapanda Wundanyi kupoa siku mbili, unashuka Voi, unaenda Mtito Andei kwa Mzima, alafu basi la kurudi. Mwenye siku tatu tu achukue Voi na Wundanyi, hilo jozi linatosha: joto kali alafu baridi, mnyama alafu msitu.

Asiyetaka bara kabisa apande gari la Malindi ashuke Gede, kama kilomita 100 kutoka Mombasa. Hapo kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita mraba 420, na ni mahali ambapo unatembea kwa miguu na mwongozaji badala ya kukaa garini. Ingia saa 12 asubuhi mana kuna mchanga na kufikia saa 4 hauendeki. Mwongozaji mzuri atakuonyesha bundi mdogo wa Sokoke amelala kwenye kichaka, ana sentimita kama 16 tu, na ukitulia utaona sengi mwenye makalio ya dhahabu, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, anavyokimbia kwa kuruka. Mchana unavuka barabara unaenda hori ya Mida au baharini Watamu. Rahisi, bei nafuu, sijui kwa nini watu hawaendi.

Begi: hapa nitakaa kidogo

Usinunue begi jipya la duka kama bajeti ni ndogo. Nenda Kongowea siku ya kufungua mtumba, kuna mabegi ya kupanda milima yaliyotumika ulaya mara mbili tatu tu, ukijua kuangalia utapata mali. Tafuta la lita 40 hadi 50, zaidi ya hapo utalijaza upuuzi. Angalia mkanda wa kiuno kwanza, kabla ya rangi, kabla ya jina la kampuni. Ubonyeze sponji, kama imekufa na inabaki bonde la kidole chako liache, mana uzito wote wa begi unatakiwa ukae kiunoni, mabega yanashikilia tu lisianguke nyuma. Alafu mwambie muuzaji, "Ami, nijazie jinzi humu ndani." Atakuangalia vibaya lakini atajaza. Begi tupu halikwambii kitu. Likishajaa funga zipu, fungua, funga tena, sikiliza kama inakwama pembeni, livae, funga mkanda juu ya mifupa ya nyonga, uzunguke nalo vibanda vitano sita. Kama mgongo wako wote umegusana nalo jua litakuchemsha, tafuta lenye wavu au nafasi ya hewa pale mgongoni. Mshono wa pale mikanda ya mabega inaposhikana na begi uvute kwa nguvu, hapo ndo mabegi hufa.

Uzito: bila maji usipite kilo 9 au 10. Na joto hili ni nyingi tayari, mana lita 4 za maji ni kilo 4 nyengine juu yake.

Ndani weka tenti nyepesi ambayo sehemu ya ndani ni ya wavu mtupu, mkeka wa kulalia, shuka badala ya slipingi begi nzito (isipokuwa Taita, hapo utataka sweta na kitu cha kujifunika), tochi ya kichwa na betri za akiba, pawabenki, nguo pea tatu, ndala, sabuni ya kipande, kamba mita kadhaa, sindano na uzi, filimbi. Na leso. Leso mbili za pamba kutoka Biashara Street zinafanya kazi kuliko kifaa chochote cha duka la michezo: ni taulo, ni shuka, ni pazia, ni kivuli ukiifunga juu ya vichaka, ni mkeka wa kuswalia, na ukiilowesha ukajitanda shingoni saa saba mchana utajua kwa nini bibi zetu hawakuwahi kuuliza feni. Wanaume pia mbebe, hakuna anayewacheka kule.

Mifuko ya nailoni acha nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Na kuna hii ambayo wengi hawaijui: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, ikiwemo zile chupa za maji za dukani, haziruhusiwi ndani ya mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Kwa hivo beba chupa zako ngumu za kudumu, mbili za lita moja moja na kidumu cha lita 5 cha kubaki garini au kambini.

Nguo

Mikono mirefu, suruali ndefu pana, kitambaa chepesi. Najua kwa joto mtu anataka bukta na singlendi, lakini ngozi iliyofunikwa inapoa zaidi kuliko iliyo wazi juani, waulize wafugaji wa kule. Kina dada, dera ni tamu kwa joto na mimi sina neno nalo, ila kwenye njia ya miiba litakuchelewesha na kupanda gari la juu juu ni taabu, vaeni suruali na dera liwe la jioni.

Rangi ni muhimu kuliko unavyodhani. Shimba na Tsavo kuna mbung'o, yule nzi anayeuma, na mbung'o anapenda bluu na nyeusi. Jinzi ya bluu iliyokoza ni mwaliko, na anauma juu ya nguo nyembamba bila shida. Vaa kaki, kahawia, kijani kilichopauka. Lakini usivae zile nguo za madoa madoa za jeshi hata kama umezipata mtumbani bei ya kutupa, ni kosa la sheria Kenya na polisi wa barabara ya Voi hawatataka maelezo.

Raba iliyokwisha kuvaliwa, si mpya. Soksi ndefu, suruali unaiingiza ndani ya soksi ukiwa kwenye nyasi sababu ya kupe. Kofia ya duara yenye kufunika shingo, kapelo inaacha masikio yaungue.

Maji na chakula

Lita 3 hadi 4 kwa mtu kwa siku ya kutembea, hiyo ni ya kunywa tu. Kunywa kidogo kidogo kila dakika 15 au 20, usingoje kiu. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa mweupe uko sawa, ukishakuwa rangi ya chai ya rangi umechelewa, kaa kivulini unywe. Maji matupu pekee hayatoshi ukitoka jasho siku nzima, unahitaji chumvi, kwa hivo beba pakiti za ORS za duka la dawa, na zikiisha tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe sawasawa na ukingo visiwe vya kujaza mlima. Chumvi ikizidi inadhuru.

Maji ya mifereji ya kambini ni ya kuoga na kupikia, ya kunywa chemsha au tia dawa ya maji. Yakiwa na matope yaache yatulie, yachuje na leso kwanza ndo utie dawa, mana dawa haifanyi kazi vizuri kwa maji machafu.

Chakula usisumbuke kubeba makopo. Tende, njugu, kashata, chumvi ya limau ya kulamba. Mahamri yaliyopikwa bila nazi nyingi yanakaa siku mbili vizuri ukiyafunga kwa kitambaa, chapati pia, mbaazi za nazi zinachacha jioni hiyo hiyo kwa hivo zile asubuhi ya kuondoka ushibe. Unga wa uji unabeba kidogo na unashibisha. Matunda nunua njiani, Voi sokoni ndizi na maembe hayakosi. Samaki mkavu msitie kwa tenti jamani, kwa harufu yake mtaamshwa na wageni.

Tiketi na vitambulisho

KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, hawachukui pesa mkononi, unalipa kwa eCitizen, tovuti ya serikali, na M-Pesa inakubali. Fungua akaunti ukiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri, si getini ambapo bando linazunguka na foleni nyuma yako inapiga honi. Bei ya mkaazi na ya mgeni ziko mbali kabisa, kwa hivo kitambulisho chenyewe ubebe, ukikisahau utahesabiwa mgeni. Gari linalipiwa tiketi yake, kulala kambini ni malipo mengine tena. Angalia bei wiki unayosafiri mana zinabadilishwa, bei aliyokwambia rafiki yako wa mwaka juzi sahau. Mageti yanafunguliwa saa 12 asubuhi na jioni saa 12 uwe umeshatoka ama uko kambini. Droni usibebe kabisa.

Shimba Hills, majaribio yako

Feri ya Likoni wa miguu halipi. Vuka asubuhi mapema, upande wa pili panda matatu ya Kwale, inakata kulia pale Kombani inaanza kupanda, na hewa unaihisi inabadilika. Kwale mjini chukua boda hadi geti kuu, au hapo hapo mjini ukodi gari dogo la kuingia nalo ndani, hiyo ndo nashauri, mana kutoka getini hadi pale matembezi yanapoanza hapatembeki peke yako, ndovu na nyati wapo na kichaka ni kizito.

Ukishafika Elephant Hill unaongozana na askari wa KWS kushuka maporomoko ya Sheldrick, kama kilomita 2. Maji yanaanguka zaidi ya mita 20 na chini kuna bwawa la kutia miguu. Sasa sikiliza: kushuka kila mtu ni bingwa. Kupanda kurudi ndo kuna kesi, kwa hivo anza saa 2 asubuhi, si saa 5, na uwe na lita mbili mkononi. Muulize askari akuonyeshe palahala, yule swala mweusi mwenye pembe za kujipinda nyuma, Kenya nzima yuko hapa tu. Asubuhi kwenye ukungu utamuona amesimama pembeni ya msitu. Ukitaka kulala kuna kambi za umma, na usiku ni baridi kuliko Mombasa, usishangae.

Treni hadi Voi

Chukua ile ya kusimama stesheni, inayoondoka asubuhi, na uhakikishe tiketi yako imeandikwa Voi. Unakata kwa kupiga *639#. Stesheni iko Miritini, fika saa nzima kabla, mana ukaguzi ni wa kweli: mabegi yanapangwa chini kwa mstari, watu mnarudi nyuma, mbwa wanapita wananusa moja moja, alafu mashine, alafu mashine tena ndani. Kisu, mtungi wa gesi, kiberiti, vyote vinabaki hapo. Gesi ya kupikia na kisu nunua Voi. Kama lazima uwe navyo panda basi Mwembe Tayari.

Kaa dirishani na usilale. Baada ya stesheni ya Miasenyi reli inakata Tsavo na ndovu wekundu utawaona bure ukila mahamri yako. Wekundu ni udongo tu, wanajipaka vumbi la kule kujikinga na jua na wadudu, lakini ukiwaona mara ya kwanza utadhani ni aina nyengine.

Voi na Tsavo Mashariki: lile suala la gari

Hapa ndo ule ukweli niliosema. Ndani ya Tsavo hutembei kwa miguu, boda haingii, na matatu haiingii na abiria wa njiani. Tsavo Mashariki peke yake ni kilomita mraba 13,747, na Magharibi 9,065, zilikuwa mbuga moja zikagawanywa kwa urahisi wa kuzisimamia. Lazima gari. Lakini si lazima lako na si lazima la kampuni ya Mombasa.

Fika Voi mchana, tafuta gesti karibu na stendi yenye neti na feni (washa feni kabla hujalipa, na uiangalie neti dhidi ya mwanga uone mashimo), alafu jioni jua likishapoa nenda ukaongee na madereva. Mkiwa wanne gharama inagawanyika vizuri, mkiwa sita ni raha. Ukiwa peke yako uliza gesti kama kuna wengine, au subiri wikendi. Usimwambie dereva "nataka safari", ukisema hivo bei inapanda ghorofa. Sema masaa.

"Shikamoo mzee. Sisi wanne, tunaingia saa 12 asubuhi tunatoka saa 6 mchana, mafuta juu yako, bei gani?"

"Na tiketi ya gari?"

"Tiketi ya gari juu yetu."

Hapo mmeelewana lugha, kilichobaki ni kushindana bei kwa heshima. Angalia matairi, spea iwepo, na gari liwe limeinuka kidogo. Muulize njia atakayopita, kama hajui Kanderi wala Mudanda mle mbugani huyo ni dereva wa mjini.

Njia ya nusu siku: ingia geti la Voi ambalo liko karibu kabisa na mji, fuata mto Voi kupita Kanderi na Ndololo hadi bwawa la Aruba lililojengwa 1952. Masaa mawili ya kwanza ndo ya thamani, simba bado wako barabarani na wana manyoya haba shingoni, madume wa Tsavo ndivo walivo. Tafuta swala twiga anasimama kwa miguu ya nyuma kula majani, choroa, tandala mdogo. Kuanzia saa 4 kila mnyama anaingia kivulini na wewe ufuate. Ukiwa na siku nzima pita mwamba wa Mudanda, una urefu wa kama kilomita 1.6, chini yake maji ya mvua yanakusanyika na ndovu wanakuja kwa makundi kiangazi, na ukizidi kaskazini utafika Lugard Falls kwenye mto Galana. Hapo mamba wapo, usikae ukingoni kupiga selfi.

Kulala kambini Ndololo ni kitu kikubwa na pia ni kitu cha kujiandaa. Hakuna ua. Ndovu wanapita usiku kati ya miti, unasikia tumbo lake linanguruma na matawi yanakatika, na wewe uko ndani ya kitambaa. Muongeleshe dereva alale huko huko na gari, kambini bila gari mimi simshauri mtu. Vyakula vyote, hata dawa ya meno, vikae garini. Zipu ya tenti ifungwe mpaka mwisho. Chooni usiku mwende wawili, tochi ikiangalia mbele na pembeni kabla ya kutoka, sio baada. Viatu vikung'ute asubuhi, nge hupenda humo. Tumbili usiwape hata punje, akishazoea atafungua tenti ya mwenzako wa wiki ijayo.

Ndovu akitanua masikio akakuangalia uso kwa uso, gari likae kimya, lirudi nyuma pole pole. Usipige honi. Akiwa na mtoto msikaribie kabisa hata dereva akisema anamjua.

Wundanyi, kupoa

Matatu Voi hadi Wundanyi inapitia Mwatate alafu inakunja kona kupanda mlima, anayetapika akae mbele. Huku unaweza kutembea na begi lako kama mtu huru. Msitu wa Ngangao ni mdogo lakini una ndege ambao hawapo kwengine duniani, kama kurumbiza wa Taita, tafuta mwongozaji wa pale pale kijijini mana njia zinagawanyika na ukungu ukishuka hujui ulikotokea. Mwenye nguvu apande Vuria, mita 2,208, kukiwa wazi Tsavo yote iko chini yako. Kuna mapango yaliyowekwa mafuvu ya wazee wa Kitaita, ukipelekwa usiguse, usipige picha bila kuuliza. Na sweta, nimeshasema.

Mtito Andei na Mzima

Mzima iko Tsavo Magharibi, na geti la Mtito Andei liko kando ya barabara kuu. Gari kodi Mtito vile vile ulivyofanya Voi, ila hapa barabara ina mawe zaidi, gari liwe la juu. Chemchemi zenyewe ni maji ya mvua ya Chyulu, yanachujwa chini ya mawe ya volkano yanatoka meupe kabisa, unaona kiboko anatembea chini kwenye mchanga, na kuna chumba cha vioo kilichozamishwa cha kuangalia samaki. Pale unaruhusiwa kushuka na kutembea na askari. Kaa kwenye njia, kiboko aliye nchi kavu ukikaa kati yake na maji hana mazungumzo. Ndo maji hayo hayo yanayoletwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, kwa hivo ukiwa pale yaangalie vizuri, ukirudi Kisauni mfereji wako utakuwa unakoroma tu.

Ukiugua

Kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi: kivulini, vua viatu, leso yenye maji shingoni na kwapani, ORS kidogo kidogo, siku hiyo imeisha hutembei tena. Mtu akianza kuongea yasiyoeleweka, ngozi ya moto, au anazimia, hiyo ni dharura: mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, gari hospitali saa hiyo hiyo, na kama hana fahamu sawa msimlazimishe kunywa.

Nyoka akiuma usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mguu usitikisike, ufunge na kijiti kama vile umevunjika, vua pete na viatu, mbebeni msimtembeze, hospitali. Kifutu ndo anauma wengi sababu hakimbii, analala njiani, kwa hivo usiku tochi iangalie chini.

Malaria ipo njia nzima ukitoa Taita ya juu. Neti, dawa ya kupaka kuanzia magharibi, na vidonge vya kinga uulize daktari kabla kama una mimba au una mtoto mdogo.

Ukifika nyumbani jikague kupe kwanza, nyuma ya magoti, kiunoni, kwenye nywele kichwani, umtoe kwa kibano ukimshika karibu na ngozi umvute wima. Tenti ianike juani siku nzima kabla hujaikunja, ukiikunja na unyevu wa Wundanyi itaota ukungu ndani ya wiki kwa hali ya hewa yetu. Na homa yoyote ikikupata hata mwezi baadaye nenda ukapimwe malaria, na umwambie daktari ulikuwa Tsavo na uliumwa na mbung'o, yeye hatakisia mwenyewe.